Trekta moja kwa tani ngapi za mkonge?

WANAFUNZI wa uchumi na kilimo wanapopanda basi alfajiri kutoka mikoani kwenda Dar es Salaam kusikiliza mhadhara wa wazi kuhusu mabadiliko ya uchumi wa dunia, swali la kwanza nyumbani huwa ni nauli. Mzazi aliyeuza gunia la mahindi ili mwanawe asafiri ana haki ya kuuliza: atarudi na nini?

Kwa kijana wa Korogwe au Muheza, aliyekulia kando ya mashamba ya mkonge, jibu limo katika mhadhara mmoja wa zamani.

Mwaka 1975 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanzania, alizungumza jijini London mbele ya Royal Commonwealth Society kuhusu uchumi wa dunia. Hoja yake aliipima kwa trekta. Alieleza kuwa mwaka 1965 trekta moja lilinunuliwa kwa kuuza tani 17.25 za mkonge. Mwaka 1972 trekta la aina hiyo hiyo lilihitaji tani 42. Hata mwaka 1974, bei ya mazao ilipopanda sana, bado zilihitajika asilimia 57 zaidi ya zile za mwaka 1965, yaani takriban tani 27.

Mkataji mkonge hakuwa amelegea. Jasho lilikuwa lile lile, ila thamani ya alichouza ilishuka mbele ya thamani ya alichonunua. Wachumi wana vitabu vizima kuhusu jambo hilo, lakini mkulima anayelinganisha bei ya gunia lake na bei ya mfuko wa mbolea analielewa mara moja.

Kilichobadilika

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000.

Wengi huishia kulaumu utaifishaji wa mashamba wa mwaka 1967 na uendeshaji mbovu uliofuata. Hayo yana nafasi yake. Lakini bei ilikuwa imeanza kuanguka kabla ya hapo, kwa sababu viwanda vya nje viligundua kamba za plastiki, ambazo wakulima wa Ulaya na Marekani walizitumia kufungia nyasi za mifugo badala ya katani.

Plastiki hutokana na mafuta. Ndiyo maana mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, kamba za plastiki nazo zilipanda, na mkonge ukapata ahueni ya muda. Vita na maamuzi ya Mashariki ya Kati yalifika hadi kwenye bei ya katani ya Tanga.

Maswali ya kwenda nayo

Mkonge huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa kwa mara ya kwanza, kisha huendelea kuvunwa kwa miaka kadhaa. Anayepanda leo kwa kuvutiwa na bei ya leo atauza kwa bei nyingine kabisa. Hapo ndipo elimu ya uchumi wa dunia inapogusa mfuko wa familia.

Kwa hiyo mwanafunzi asiende kwenye mhadhara kunakili tu maneno makubwa ya utandawazi. Aende na maswali ya nyumbani: nani hununua zao letu, na analitumia kwa kazi gani? Ni bidhaa gani inayoweza kuchukua nafasi yake? Je, tunauza nyuzi ghafi au kamba na mazulia? Na ile sehemu kubwa ya jani inayobaki baada ya kutoa nyuzi, inaweza kutumika vipi? Huko Hale, Tanga, mabaki hayo yalianza kuzalisha umeme kwa gesi mwaka 2008, hivyo swali hilo si la nadharia.

Kazi haiishii ukumbini. Akirudi, aombe dakika chache kwenye mkutano wa chama cha ushirika, aandike ubaoni bei ya zao ya miaka mitano iliyopita, na pembeni yake bei ya mbolea, dizeli na jembe. Wanachama watapiga hesabu wenyewe, na mzazi aliyetoa nauli atapata jibu lake.