Pikapu Ipi Yafaa Kuvuta Trela la Maji?

Wengi katika Kitui na Makueni watakapo pikapu ya kuvuta trela la maji huuliza kwanza nguvu za injini. Lakini neno kubwa ni breki. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, kabla ya kuhesabu tangi na trela lenyewe. Na pikapu nyingi haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 ikiwa trela halina breki zake. Someni kitabu cha gari kabla ya kulipa. Tangi lililojaa nusu nalo ni la hatari, kwani maji huchezacheza na kuliyumbisha gari mteremkoni. Mwenye kuvuka mito ya mchanga ya Kitui na achague pikapu iendeshwayo kwa magurudumu yote manne. Akaaye kando ya lami ya Wote aweza kuziweka fedha hizo, anunue trela lenye breki.