Goma: mboga juu ya majiwe, samaki chini yake

Katika kartiye nyingi za Goma, mwenye kutaka kulima lenga-lenga nyuma ya nyumba anasikia jembe likigonga jiwe. Tarehe 17 januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya muji mpaka ziwani, na watu wengi wamejenga nyumba zao juu ya lava hiyo. Parseli iko ndogo, udongo hakuna. Kila fungu la mboga linatoka sokoni, na barabara ya kutoka mashambani ikifungwa, bei inapanda siku ileile.

Kuna namna ya kulima bila udongo, na majiwe hayohayo njo yanakuwa shamba. Inaitwa akwaponi: samaki wanaishi katika pipa, maji yao yanapitishwa katika majiwe yenye mboga, kiisha yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Haihitaji mbolea ya dukani, na maji hayamwagwi, yanaongezwa tu kidogo pale yanapopungua. Lakini wengi wanaojaribu wanapoteza samaki mbele ya kuvuna jani la kwanza. Mara nyingi sababu ni moja: haraka.

Kazi inafanywa na vijidudu

Samaki wakila, uchafu wao unatoa amonia ndani ya maji. Amonia ni sumu kwao, na mboga nazo haziishi vizuri kwa amonia peke yake. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokaa juu ya majiwe yenye maji. Vya kwanza vinageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Vya pili vinageuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati njo chakula ambacho mizizi ya mboga inapenda.

Kwa hiyo mwenye akwaponi anafuga vitu vitatu: samaki, mboga na vijidudu. Vijidudu vinakuja vyenyewe, lakini vinahitaji wiki 4 mpaka 6 kuongezeka. Goma na Bukavu ziko kwenye mita karibu 1500 juu ya bahari na usiku ni baridi, kwa hiyo inaweza kuomba muda zaidi. Uvira na Kalemie, kwenye joto la Tanganyika, mambo yanaenda mbio kidogo.

Vifaa vya kuanzia

Pipa mbili za plastiki za lita 200 zinatosha. Ziwe zilibeba chakula, kama mafuta ya kula. Pipa iliyobeba dawa au kemikali isitumiwe kamwe, hata ikioshwa mara kumi.

Pipa ya kwanza inakatwa juu, inasimama kivulini, na njo nyumba ya samaki. Ya pili inapasuliwa kwa urefu. Nusu yake moja inalazwa kama mtumbwi juu ya ukuta mdogo wa majiwe, ili maji yake yashuke yenyewe katika pipa ya samaki. Ukuta uwe imara: nusu hiyo ikijaa majiwe na maji inapita kilo 100, na watoto wanapenda kucheza karibu.

Chini ya nusu hiyo linatobolewa tundu dogo, na juu ya tundu linasimamishwa tiyo lenye matundu madogo ili majiwe yasizibe njia. Kiisha yanawekwa majiwe ya lava yaliyovunjwa, ukubwa wa harage mpaka wa ncha ya kidole, kwa kina cha karibu sentimita 25 mpaka 30. Jiwe la lava liko na vishimo vingi, na kila kishimo ni makao ya vijidudu. Yaoshwe mpaka maji yatoke bila vumbi. Sehemu ambako hakuna lava, changarawe inafaa, lakini ijaribiwe kwa maji ya ndimu: ikitoa povu, ina chokaa, iachwe.

Maji gani?

Maji ya robine yenye dawa ya klorini yanaua vijidudu. Yaachwe wazi siku moja mpaka mbili mbele ya kutumiwa. Maji ya ziwa Kivu nayo yana jambo lake: yana chumvichumvi na pH yake inakaribia 9, wakati akwaponi inapenda 6 mpaka 7. Katika maji ya namna hiyo amonia inakuwa kali zaidi kwa samaki, na mboga zinakosa madini ya chuma hata kama yapo. Dawa rahisi ni kuyachanganya na maji ya mvua. Mvua ya kwanza iachwe ipite ioshe mabati, kwa sababu inabeba vumbi na mara nyingine asidi ya moshi wa volkano. Jivu lisitiwe ndani, linapandisha pH.

Umeme ukikatika

Wengi wanaanza na pompi, halafu umeme unakatika usiku na asubuhi samaki wanaelea. Ni afadhali kujenga kwa kufikiri kwamba umeme hautakuwepo, na pompi ikipatikana iwe ya kusaidia tu.

Hapo kuchagua samaki ni jambo kubwa. Tilapia anahitaji hewa nyingi ndani ya maji, na chini ya digrii 20 anakua polepole sana. Kambale naye anapenda joto, lakini anaweza kupanda juu na kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo anavumilia saa ambazo maji hayatembei. Sambaza hafugwi katika pipa.

Bila pompi, maji yanapandishwa kwa mikono: ndoo 4 za lita 10 zinamiminwa polepole juu ya majiwe, asubuhi, saa sita, alasiri na jioni. Maji yanashuka kupitia tundu, na yanapoanguka yanaingiza hewa. Ni kazi ya dakika chache, lakini ni ya kila siku, hata siku ya mungu. Nyumba ambamo hakuna wa kuifanya, isianze.

Hesabu ya samaki inafuata hapo. Hata penye pompi, inashauriwa kutopita kilo 20 za samaki kwa lita 1000, maana yake kilo 4 kwa pipa ya lita 200. Kwa kazi ya mikono, nusu yake: kambale 8 watakaofika gramu 250 kila mmoja. Wawe wa ukubwa mmoja, kwa sababu kambale mkubwa anakula mdogo. Pipa ifunikwe kwa wavu, maana kambale anaruka, na mtoto mdogo anaweza kuzama.

Wiki za kwanza

Mbele ya samaki, pipa inajazwa maji na kila siku linatupwa ndani punje kidogo la chakula cha samaki lioze. Huo njo mwanzo wa amonia, na vijidudu vinaanza kuja. Maji yanapitishwa katika majiwe kama kawaida. Kikombe cha majiwe kutoka kwa jirani ambaye akwaponi yake inatembea vizuri kinaharakisha kazi.

Baada ya wiki 4 wanaingizwa kambale 2 tu. Wakila vizuri kwa wiki mbili, wengine wanaongezwa. Lenga-lenga, seleri na vitunguu vya majani vinaweza kupandwa wakati huohuo. Tomati zingoje, zinahitaji chakula kingi zaidi. Viazi na karoti havifai kwenye majiwe.

Kila siku na kila wiki

Chakula kinatolewa asubuhi na jioni, kile samaki wanachomaliza kwa dakika 15 tu. Kinachobaki kiondolewe, kwa sababu kinaoza na kuwa sumu. Nusu pipa ina eneo la karibu nusu mita ya mraba, na mboga za majani za eneo hilo zinatosheka na gramu 20 mpaka 25 za chakula cha samaki kwa siku. Pumba za mahindi, soya iliyokaangwa na unga wa sambaza kavu vinaweza kuchanganywa nyumbani.

Kambale kupanda juu mara moja moja ni kawaida. Lakini wakikataa kula na kubaki juu muda wote, maji ni mabaya. Hapo chakula kinasimamishwa, na sehemu moja kwa tatu ya maji inabadilishwa na maji yaliyopumzishwa. Yale yanayotolewa yanamwagiliwa mti wa ndizi au wa avoka.

Wadudu wakishambulia mboga, waokotwe kwa mkono. Dawa ya wadudu, hata maji ya tumbaku, yanashuka moja kwa moja kwa samaki na kuwaua. Maji ya pipa yasimwagwe juu ya majani, na mboga zioshwe kwa maji safi, zaidi sana zile zinazoliwa mbichi.

Nusu pipa hailishi familia nzima. Inatoa mafungu ya lenga-lenga kwa zamu, na samaki 8 baada ya miezi mingi ya kungoja. Lakini majani hayo hayangoji barabara ifunguliwe. Atakayeona nusu ya kwanza imetembea miezi mitatu bila samaki kufa, bado ana nusu ya pili ya ile pipa iliyopasuliwa. Na majiwe, Goma, hayanunuliwi mbali.