Kadi ya Sauti: Tusikilize Kabla ya Kununua

Alasiri moja nilialikwa chai kwa mzee wangu mmoja wa Milimani, Kisumu, mzaliwa wa Mombasa ambaye kazi ya reli ilimleta ziwani naye akaselelea. Mezani palikuwa na kompyuta ya mkononi, spika mbili, na sanduku la kaseti: za Zein l'Abdin, za Juma Bhalo, na moja isiyoandikwa kitu, yenye sauti ya marehemu mkewe akisoma kasida katika harusi ya binti yao.

"Sheikh," akaniambia, "mjukuu amenitilia udi wa Zein humu, lakini nasikia mvumo kama wa nyuki. Muuzaji anataka ninunue kadi ya sauti ya shilingi 38,000. Fedha nilizo nazo ni za karo ya huyo mjukuu. Wanishaurije?"

Ndugu wasomaji, kompyuta huhifadhi muziki kwa tarakimu. Kadi ya sauti ndiyo inayozigeuza tarakimu hizo kuwa umeme, na spika huugeuza umeme kuwa sauti. Kila kompyuta ya mkononi ina kifaa hicho ndani yake, ila kimebanana na feni na mitambo mingine, na huenda kikanasa kelele zake.

Nilimwomba mzee achomoe chaja, kompyuta itumie betri. Mvumo ukakoma papo hapo. Kumbe sehemu kubwa ya kero ilipitia kwenye waya wa umeme! Ulibaki mchakato mwembamba, uliosikika nyimbo zinapokuwa kimya. Huo ndio uliohitaji kadi ya nje, ile ichomekwayo katika tundu la USB, ikakaa mbali na kelele za ndani.

Je, ichaguliwe ipi? Matangazo husifu biti 24 na vipimo 192,000 kwa sekunde. Sahani ya CD, tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia biti 16 na vipimo 44,100 kwa sekunde, navyo vyatosha kubeba sauti hadi mwisho wa usikivu wa mwanadamu. Kaseti haifiki hapo, kwa kuwa utepe wenyewe una mchakato wake. Muhimu ni kadi iwe tulivu, na iweze kucheza vipimo 44,100 kama vilivyo. Kadi kadhaa za zamani zilivigeuza vyote kuwa 48,000, na katika kugeuza huko sauti iliweza kupungua usafi.

Pili, asikilizaye muziki wa stirio huhitaji njia mbili tu, kulia na kushoto. Kadi ya njia nane ni ya sinema na michezo. Wala kadi haiumbi kisichorekodiwa: sahani alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 ni za njia moja, nazo zitabaki hivyo hata kwa kadi ya dhahabu.

Tatu, anayetaka kuhamisha kaseti na atazame tundu la kuingizia sauti. Kadi nyingi ndogo zina tundu la maikrofoni peke yake, ambalo aghalabu ni la njia moja na hukuza sauti kupita kiasi. Kaseti ikipitishwa hapo hukwaruza. Litakiwalo ni tundu la laini lenye njia mbili.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuliazima kadi ya kijana mmoja wa jirani, tukaisikiliza siku mbili, ndipo mzee akanunua ya namna hiyo kwa shilingi 6,500. Spika tukaziondoa ukutani, tukazitenganisha, na kiti chake tukakiweka mbele katikati, masafa sawa kwa kila moja. Udi ukasikika umekaa mahali pake, na mwimbaji mahali pake.

Karo ililipwa. Na ile kaseti isiyoandikwa kitu tuliihamisha usiku ule ule, kwa kuwa utepe nao huzeeka. Mzee alisikiliza kasida mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaomba irudiwe.

Nawe msomaji, ikiwa kabatini mwako imo sauti ya mzazi wako, usingoje kadi ya bei kubwa. Azima, jaribu, uihifadhi wiki hii.