Skrini Mbili kwa Kompyuta Moja



Anayeandika kazi ya masomo hurahisishiwa sana akiwa na kitabu kwenye skrini moja na maandishi yake kwenye nyingine. Lakini wengi hununua skrini kabla ya kuuliza: je, kompyuta mpakato hii inaweza kuendesha skrini ngapi?

Kwanza, tazama matundu yake. HDMI na VGA ni ya picha. USB-C hutoa picha katika baadhi ya kompyuta tu, hivyo soma maelezo ya mtengenezaji.

Pili, usidanganyike na wingi wa matundu. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwaka 2020, ina matundu mawili ya USB-C, lakini kwa kawaida huendesha skrini moja tu ya nje. Kuongeza ya pili kunahitaji kifaa cha DisplayLink pamoja na programu yake.

Tatu, kile kigawanyio cha bei nafuu kinachotoa HDMI mbili kutoka tundu moja hurudia picha ileile. Kinafaa wanafunzi wa vyumba viwili waone somo moja, lakini hakitakupa kurasa mbili tofauti.

Ukishaunganisha kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua Extend. Ukichagua Duplicate, skrini zote zitaonyesha kitu kimoja.

Fedha ya mzazi ni amana. Tuichunguze kompyuta kwanza, ndipo twende dukani.