Betri kuukuu: sumu haizikwi na makali yake

Betri ya gari ikifa mjini Voi, mwenyewe humpelekea fundi au humwuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akashukuru kwa vijisenti alivyopata. Je, msomaji, umewahi kujiuliza betri hiyo huishia wapi?

Ndani yake mna madini ya risasi na maji makali ya asidi. Fundi asiyejali huyamwaga mchangani, nayo hubeba chembechembe za risasi. Risasi haiozi kama ganda la ndizi. Hukaa udongoni miaka nenda miaka rudi, na mtoto achezaye hapo huila kupitia vidole vyake. Humdhuru ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama.

Usidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Teremka na barabara kuu kilomita 150 hivi hadi Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi hapo mwaka wa 2007 na kufungwa 2014, huku wakazi wakidhurika kwa risasi. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kukiajiriwa, aliongoza mapambano hadi mahakamani. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha fidia hiyo.

Sheria ilikuwapo. Kanuni za taka za Kenya za mwaka wa 2006 zilikataza kiwanda kutupa taka kabla ya kuziondoa makali.

Huondolewaje? Asidi hupozwa kwa chokaa. Tope lenye risasi huchanganywa na saruji likawa gumu, ili maji ya mvua yasiweze kuifyonza sumu. Kisha hupimwa. Nchini Marekani, kipande cha taka hiyo hutikiswa katika asidi hafifu kwa saa 18 hivi, na maji yanayotoka yasizidi miligramu 0.75 za risasi kwa lita ndipo taka izikwe. Tena ni marufuku kuongeza mchanga ili kipimo kishuke tu, kwani sumu huwa ni ile ile, imetandazwa.

Wewe nawe una lako la kufanya. Usipasue betri nyumbani wala kumwaga maji yake. Iweke wima, mbali na watoto, na umpe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Usione haya kumwomba akuonyeshe. Na wewe fundi, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumpakata mwanao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Owino Uhuru, ukuta umegharimu zaidi ya bilioni moja, na afya ya watoto hainunuliki.