Mechi Ipi ya Septemba Inastahili Pesa Yako?

Katika futiboli ya vyuo Marekani kila timu ina mechi 12 kwa msimu wa kawaida, na kama pesa yako ni ya mechi moja, angalia zile za mwanzo, vyuo vikubwa vinapokutana na timu za nje ya ligi zao. Ziko za aina tatu, na bei hazikaribiani.

Nafuu kuliko zote ni mechi ya kununuliwa: mkubwa anamlipa mdogo aje apigwe, bila marudiano. Mara nyingine huuma. Michigan waliwalipa Appalachian State dola 400,000 mwaka 2007, wakafungwa 34-32. Mwaka 2024 Notre Dame walitoa dola milioni 1.4 kwa Northern Illinois, wakalala 16-14. Lakini hizo ni bahati nasibu. Kwa kawaida mapumziko yanapofika mchezo umekwisha. Kama unachotaka ni kuona uwanja wa watu laki na kusikia bendi, hii inatosha. Subiri wiki yenyewe: wenye tiketi za msimu wasiokwenda huziuza kwa bei ya kutupa.

Aina ya pili, mechi ngumu yenyewe, ni ya nyumbani na ugenini. Texas walikwenda kwa Ohio State 2025, wakafungwa 14-7. Mwaka 2026 zamu ni ya Austin, nyumbani kwa Texas. Tiketi ni ghali, na usitegemee ishuke, ila hapa pesa inapata kazi. Siri ni kungoja mwaka ambao mchezo uko mjini kwako. Ukisafiri, miji midogo ya vyuo ina hoteli zinazokulazimisha ulipe usiku wa pili hata kama hulali.

Ya tatu huchezwa uwanja usio wa yeyote: Atlanta, Arlington, Las Vegas, hata Dublin. Mashabiki wa pande zote mbili ni wageni, na kila mmoja anagombea ndege na chumba. Kama huishi hapo, iache.

Usikate tiketi ya ndege mapema mno pia. Mikataba hii husainiwa miaka mingi kabla, na huvunjwa. Indiana walijitoa kwenye mkataba na Louisville, wakacheza 2024 na timu nyepesi, FIU, Western Illinois na Charlotte, na bado wakaingia mtoano wa ubingwa wa timu 12. Kocha yupi atajitafutia taabu baada ya hapo?

Tiketi ya msimu mzima? Hapana. Inakubebesha mechi za kununuliwa, na viti vizuri hudai "mchango" kwa chuo ambao tangu 2018 haupunguzi kodi yako.

Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inamtaka muuzaji aonyeshe bei kamili tangu mwanzo, ada ndani. Anayeongeza ada mwishoni, mkimbie.

Na mkoba wa kuingia nao uwanjani uwe wa plastiki angavu. Wa kitambaa utaambiwa uurudishe garini, na gari umeliacha mbali kukwepa ada ya maegesho.