Mionzi ya Urujuanimno na Barafu ya Mwezi Enceladus

Ponda barafu ya mfuko inayouzwa dukani hapa Namawala. Utaona inakuwa nyeupe. Vipande vyake vinatawanya mwanga unaoonekana. Je, barafu hiyo ni nyeupe pia kwa mionzi ya urujuanimno? Wanafunzi wangu wengi hujibu "ndiyo", wakakosa alama.

Urujuanimno una urefu wa wimbi kati ya nanomita 10 na 400 hivi, mfupi kuliko wa mwanga unaoonekana. Barafu ya maji hufyonza sana mionzi iliyo chini ya nanomita 165 hivi. Kwa mionzi hiyo, barafu ni nyeusi.

Ushahidi
Enceladus ni mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 504 hivi. Umefunikwa na barafu, nao huakisi karibu mwanga wote unaoonekana unaoufikia. Chombo cha Cassini, kilichorushwa mwaka 1997 na kufika Zohali mwaka 2004, kilibeba kifaa cha kupima urujuanimno. Kifaa hicho kilionyesha kwamba uso wa mwezi huo ni mweusi zaidi katika urujuanimno kuliko barafu safi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba barafu imechanganyika na vitu vingine kidogo, kama amonia.

Tarehe 14 Julai 2005, nyota Bellatrix ilipita nyuma ya Enceladus, upande wa ncha ya kusini. Urujuanimno wa nyota ulianza kufifia kabla nyota haijazibwa, kwa sababu ulifyonzwa na mvuke wa maji unaotoka kwenye nyufa za barafu. Bellatrix utaiona kwa macho usiku wa Januari, katika kundi la Orioni.

Kwa nini tutumie chombo cha angani?
Oksijeni na ozoni za angahewa yetu hufyonza urujuanimno wa mawimbi mafupi kabla haujafika ardhini.

Mfano
Tafuta masafa ya mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 165.
Badili vipimo kwanza: nanomita 165 = 1.65 × 10⁻⁷ m.
f = c ÷ λ = (3 × 10⁸) ÷ (1.65 × 10⁻⁷) = 1.8 × 10¹⁵ Hz.

Kumbuka: rangi ya kitu hutegemea mionzi unayokiangalia nayo. Usiseme "barafu huakisi" bila kutaja ni mionzi ipi.

Jipime: Eleza jinsi mwanga wa nyota unavyoweza kuonyesha kuwapo kwa mvuke wa maji kwenye mwezi wa mbali. (Alama 4)